Kutoka Makali hadi Mwanga: Historia ya Kwatzi katika Nchi ya Boga na Bonde la Semliki

Mji mdogo wa Boga, ulioko kusini mwa Bunia katika jimbo la Ituri, mashariki mwa Kongo, umekaa juu ya vilima vinavyotazama bonde la Mto Semliki, mto unaotoka Ziwa Edward na kumwaga maji yake katika Ziwa Albert, huku milima ya Ruwenzori ikiinuka ng'ambo ya bonde. Katika vitabu vya historia jina la Boga hutajwa zaidi kwa sababu ya Apolo Kivebulaya, mwinjilisti kutoka Buganda aliyefika huko mwaka 1896 akipitia Toro na kuzikwa hukohuko mwaka 1933, na pia kwa sababu ya makubaliano ya mpaka ya 1910 ambayo yaliitoa nchi hiyo upande wa Waingereza na kuiweka upande wa Wabelgiji. Iko historia nyingine ya eneo hilihili, kongwe mara elfu nyingi kuliko misheni na mipaka, ambayo haijapewa nafasi inayostahili, nayo ni historia ya jiwe la kwatzi na ya mikono iliyolifanyia kazi, tangu mikono iliyolipasua kutafuta makali hadi mikono inayolikata leo kutafuta mwanga na rangi.

Kwatzi ni madini yanayoundwa na silikoni na oksijeni, na ni miongoni mwa madini yanayopatikana kwa wingi zaidi katika tabaka la juu la dunia. Katika kipimo cha ugumu chenye daraja 10, ambapo almasi hushika daraja la mwisho, kwatzi hushika la 7, maana yake hukwaruza kioo na chuma cha kawaida bila shida. Haina mipasuko ya asili inayoifanya ikatike kwa kufuata mstari mmoja, hivyo ikipigwa hupasuka kwa mikunjo ya duara mfano wa chupa iliyovunjika, na ukingo unaobaki huwa mkali sana. Mara nyingi huonekana kama mshipa mweupe unaopita ndani ya mwamba mwingine, lakini ikipata nafasi ya kukua katika uwazi, hufanya fuwele, yaani jiwe lenye umbo la asili la pande sita na ncha iliyochongoka. Fuwele moja yaweza kuwa nyeupe kama maziwa sehemu ya chini na angavu kama maji sehemu ya ncha, kwa sababu sehemu iliyokua kwanza ilinasa vitone vidogo mno vya kimiminika vinavyotawanya nuru, na sehemu iliyofuata ikakua polepole na kwa usafi zaidi. Huo ndio mfano wa kawaida kabisa wa jiwe lenye sura mbili, na anayeokoteza mawe katika vijito vya nchi yenye mishipa ya kwatzi hukutana nao kabla ya mingine yote.

Ushahidi wa zamani zaidi wa matumizi ya kwatzi katika bonde la Semliki unatoka Senga, kusini mwa Boga, mahali ambapo mto unaanzia safari yake karibu na Ziwa Edward. Huko, katika miaka ya 1980, mwanaakiolojia J. W. K. Harris na wenzake walichimbua zana za mawe zilizokadiriwa kuwa na umri wa takriban miaka milioni 2, na zilizo nyingi miongoni mwake zilikuwa vipande vya kwatzi vilivyovunjwa kutoka kwenye kokoto za mto. Kwa hiyo jiwe hili lilianza kushikwa mkononi kabla ya kuwapo binadamu wa aina ya sasa. Mbele kidogo kwenye mto huohuo, huko Katanda, wanaakiolojia Alison Brooks na John Yellen walikuta ncha za mifupa zenye miiba, zilizotengenezwa kwa ajili ya kuvulia samaki, na wakazikadiria kuwa na miaka kama 90,000, jambo lililowalazimisha wanazuoni kufikiri upya kuhusu lini na wapi ustadi wa namna hiyo ulianza.

Ishango, kijiji kilichopo pale mto unapoliacha ziwa, kimepata umaarufu kuliko sehemu zote hizo kwa sababu ya mfupa mmoja uliofukuliwa mwaka 1950 na Jean de Heinzelin de Braucourt, mwanajiolojia wa Ubelgiji. Mfupa huo una urefu wa takriban sentimita 10, una safu tatu za alama zilizochanjwa kwa makundi, nao unahifadhiwa Brussels katika taasisi ya kifalme ya sayansi za viumbe na maumbile. Umri wake, uliodhaniwa awali kuwa wa miaka elfu chache tu kabla ya Kristo, ulisahihishwa baadaye kuwa miaka 20,000 hivi au zaidi. Wataalamu wa hisabati wamejadiliana sana juu ya maana ya zile alama, ikiwa ni hesabu, kalenda ya mwezi au kitu kingine, na katika mjadala huo mrefu jambo moja limepita bila kuangaliwa vya kutosha: kwenye ncha ya mfupa kumechomekwa kipande kidogo cha kwatzi. Mtu aliyeutengeneza alichagua kibanzi chembamba, akakikaza ndani ya mfupa hadi kikasimama imara, na kwa kitendo hicho mfupa ukawa mpini na jiwe likawa ncha ya kuchanjia au kukatia. Yeyote anayeutafuta mfano wa kale wa kupachika jiwe angavu ndani ya kishikizo katika nchi hizi hana budi kuanzia hapo.

Lakini kwa Boga yenyewe, mahali palipo na uzito zaidi ni Pango la Matupi, katika Mlima Hoyo, upande wa kaskazini-magharibi, mlima wa mawe ya chokaa uliotobolewa na maji ukawa na mapango mengi. Mwanaakiolojia Francis Van Noten alichimba humo katika miaka ya 1973 na 1974, akashuka tabaka kwa tabaka, na katika tabaka za chini akapata makaa ambayo kipimo cha kaboni 14, yaani kipimo kinachotegemea kupungua kwa kaboni ya aina hiyo ndani ya vitu vilivyowahi kuwa hai, kilionyesha kuwa yana zaidi ya miaka 40,000. Pamoja na makaa hayo kulikuwa na zana ndogondogo za mawe, karibu zote za kwatzi, baadhi yake zikiwa ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba ufundi wa zana ndogo za namna hiyo ulikuja baadaye sana, ukaenea kutoka kwingine. Matupi ikaonyesha kwamba watu wa Ituri walikuwa wameshaumudu mapema. Mifupa ya wanyama iliyopatikana humo ilikuwa kwa sehemu kubwa ya wanyama wa nyika, ishara kwamba hali ya hewa ilikuwa kavu zaidi na msitu, ambao leo umeuzunguka mlima, ulikuwa umerudi nyuma. Mwaka 2001 Julio Mercader na Alison Brooks walichapisha ulinganisho wa zana kutoka mapango ya Ituri na zile za Semliki, wakaonyesha kwamba wakazi wa msituni na wa nyikani walitumia kwatzi kwa njia zinazofanana sana, na kwamba msitu haukuwa ukuta uliowatenga watu na ufundi wao.

Namna ya kazi ile yafaa ielezwe kwa undani, maana wengi waliowahi kuviona vibanzi hivyo wamevipuuza kama changarawe. Kwatzi ya mshipa imejaa nyufa ndogo, na ikipigwa ubavuni kama wapigavyo mawe laini zaidi, huvunjika ovyo. Mafundi wa Ituri na Semliki waliitatua shida hiyo kwa kutumia fuawe, yaani jiwe bapa lililolala chini: kipande cha kwatzi kilisimamishwa juu yake kikishikwa kwa ncha za vidole, kisha kikapigwa kwa jiwe la nyundo kutoka juu moja kwa moja, hata nguvu ikakipitia kutoka pande mbili, juu kutoka kwa nyundo na chini kutoka kwa fuawe. Jiwe lilipasuka likatoa vibanzi vilivyonyooka, vyembamba, vyenye makali pande zote, na kitovu kilichobaki kikawa na alama za kusagika kichwani na mguuni, alama ambazo mwanaakiolojia huzitambua hadi leo. Kutoka rundo hilo fundi aliokota vichache vilivyofaa, akavipachika kwa utomvu kwenye mti au mfupa, vingine akaviacha. Kabla ya kupiga ilimpasa aliangalie jiwe, aujue ufa uliko, atambue sehemu angavu iliyoshikamana na sehemu ya maziwa iliyo dhaifu, kwa kuwa pigo halirudishwi. Maarifa hayo ya kulisoma jiwe kabla ya kuligusa ndiyo urithi mkubwa wa kazi hiyo, na anayekata vito kwa mashine leo huanza palepale.

Wakati ambapo bara la ndani lilikuwa likihama polepole kutoka jiwe kwenda chuma, mwambao wa Afrika Mashariki ulikuwa umeshaingia katika biashara ya kwatzi ya aina nyingine kabisa, ile angavu isiyo na doa, iliyotakiwa kwa uzuri wake. Al-Biruni, mwanazuoni aliyefariki karibu na katikati ya karne ya 11, aliandika kwamba fuwele hizo zililetwa Basra kutoka visiwa vya Zanj, yaani mwambao huo, nako zikachongwa vyombo. Katika zama hizohizo Misri ya Wafatimi ilitoa magudulia yaliyochongwa kutoka fuwele moja nzima, mojawapo likiwa na jina la Khalifa al-Aziz, aliyetawala kuanzia 975 hadi 996, nalo limehifadhiwa katika Kanisa la Mtakatifu Marko huko Venice. Msafiri Nasir Khusraw aliwaona mafundi wa kazi hiyo kwenye soko la taa karibu na Msikiti wa Amr katika mwaka wa 1047 au karibu yake. Mafundi hao hawakukata nyuso bapa ndogondogo kama wakatavyo wa siku hizi. Walichimba jiwe ndani kwa subira hadi kuta zake zikawa nyembamba, na nje wakachora ndege na majani. Kwa vyovyote vile, mawe ya Zanj yalikuwa yameshapata bei kwa sababu ya nuru inayopita ndani yake, miaka 900 kabla ya serikali ya kikoloni kufika Ituri.

Chuma kilipoenea, kwatzi ilipoteza kazi yake ya kukata, na katika Ituri ikabaki jiwe tu hadi mwaka 1903, ambapo Hannan na O'Brien, watafiti wawili wa madini kutoka Australia waliotumwa na Dola Huru ya Kongo, waligundua dhahabu katika Mto Agola huko Kilo, kaskazini-magharibi mwa Bunia. Uchimbaji ulianza 1905, na mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto. Dhahabu ya kwanza iliokotwa kwenye mchanga wa mito, lakini chanzo chake kilikuwa mishipa ya kwatzi iliyomo ndani ya miamba ya kale ya eneo hilo: maji ya moto yaliyopanda kupitia nyufa za miamba yaliacha silika, yaani kiunga cha silikoni na oksijeni, ikageuka kwatzi, na pamoja nayo yakaacha dhahabu. Kwa sababu hiyo mshipa mweupe ukawa dalili anayoifuata mchimbaji, na hapohapo ukawa taka anayoiponda na kuimwaga. Vinu viliisaga kwatzi ikawa unga, dhahabu ikakusanywa, unga ukarundikwa. Wakazi wa Ituri walilazimishwa kupitia machifu wao kutoa vibarua kwa migodi na chakula cha kuwalisha, na vumbi lililotoka kwenye kusaga huko ni lile linaloleta ugonjwa wa mapafu usioponyeka, kwa kuwa chembe za silika zikiingia ndani ya pafu haziyeyuki. Sheria ya 1982 iliyowaruhusu raia kuchimba dhahabu na almasi kwa mikono iliwarudisha watu wengi kwenye mishipa hiyohiyo wakiwa na nyundo, patasi na karai, na kupondwa kwa jiwe jeupe kukaendelea, mara hii katika nyua za nyumba na kandokando ya vijito. Historia ya madini ya Ituri imeandikwa kana kwamba dhahabu ndiyo mhusika peke yake. Ni upungufu mkubwa, kwa kuwa jiwe lililoibeba dhahabu hiyo lilikuwa limewalisha watu wa nchi hii kwa muda mrefu kiasi kwamba karne ya Kilo-Moto mbele yake ni kama siku moja.

Jiwe hilohilo hutafutwa pia kwa rangi zake, na fuwele yenye rangi mbili inaeleweka vizuri zaidi kwa kuanza na chuma, ambacho hupenya ndani ya kwatzi kwa kiasi kidogo mno wakati inapokua. Chuma hicho kikikaa jinsi kilivyo, jiwe huwa na rangi ya njano, na huitwa sitrini. Kikipata mnururisho wa asili kutoka miamba iliyolizunguka jiwe kwa muda mrefu, hubadilika na kulipa jiwe rangi ya zambarau, nalo huitwa amethisti. Rangi ya moshi, ya kahawia hadi nyeusi, hutokana na aluminiamu iliyochukua nafasi ya silikoni na kupata mnururisho vilevile. Pale ambapo hali zimebadilika wakati fuwele inaendelea kukua, rangi mbili hukaa katika jiwe moja. Mfano maarufu kuliko yote ni ametrini, ambayo ni zambarau na njano pamoja, inayochimbwa katika mgodi wa Anahí, mashariki mwa Bolivia: fuwele yake ikikatwa mkingamo huonyesha kabari za zambarau na za njano zikipokezana kuizunguka kati, kwa kuwa nyuso jirani za ncha hazikupokea chuma kwa namna moja. Amethisti ikichomwa kwa joto la nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi hugeuka njano, na kwa hiyo sehemu kubwa ya sitrini inayouzwa duniani ni amethisti iliyopikwa. Ametrini nayo imetengenezwa viwandani huko Urusi tangu miaka ya 1990. Katika soko la namna hiyo jiwe lililopata rangi zake ardhini lina heshima ya pekee, na Kongo ni miongoni mwa nchi chache zinazojulikana kwa sitrini ya asili, ile isiyopitia moto wa mtu.

Kukata fuwele kama hiyo ni kazi ya uamuzi kabla ya kuwa kazi ya mikono. Fundi huanza kwa kuliweka jiwe ndani ya maji, ambayo hupunguza mng'ao wa ngozi yake na kuyafichua yaliyomo: ufa, wingu la vitone, na juu ya yote mstari ambapo rangi moja inaishia na nyingine inaanza. Akitaka rangi zote mbili zionekane zikiwa zimetengana, humpasa auweke mstari huo wima kabisa kutoka juu hadi chini ya kito, na achague umbo la mstatili lenye nyuso ndefu zilizopangwa kama ngazi, ambalo halizichanganyi rangi. Akikata umbo la duara lenye nyuso nyingi, nuru itarudi kutoka kila upande na kuzichanganya, na jiwe litatoa rangi ya tatu inayofanana na pichi. Mstari ukilala hata kidogo, rangi iliyo chini huifunika iliyo juu, na rangi mbili zilizokuwa katika jiwe zitakuwa zimepotea machoni ingawa bado zimo.

Baada ya hapo jiwe hugandishwa kwa nta au gundi kwenye kijiti cha shaba, likashikwa na mkono wa mashine unaopima pembe, kisha likasagwa juu ya sahani inayozunguka, iliyopakwa unga wa almasi, huku maji yakitiririka ili kulipoza na kulizuia vumbi. Sahani ya kwanza ina chembe kubwa na hutoa umbo. Ya namba 600 na ya 1200 hufuata, na ya 3000 huacha uso uliofifia tayari kwa kung'arishwa kwa oksidi ya seriamu. Pembe za nyuso za chini hazichaguliwi kwa kukisia. Ndani ya kwatzi, nuru inayoufikia uso wa chini kwa pembe ndogo kuliko nyuzi 40.5 hivi, zikihesabiwa kutoka mstari uliosimama wima juu ya uso huo, hutoka nje na kupotea. Ikizidi hapo hurudi ndani na kumfikia mtazamaji. Kwa hiyo nyuso kuu za chini hukatwa kwa nyuzi 42 au 43. Jiwe lililokatwa chini ya kiwango hicho huwa na dirisha, yaani sehemu ya katikati iliyopauka, ambayo mtu akiliweka juu ya gazeti husoma maandishi kupitia humo. Vito vingi vinavyokatwa kwa haraka vina kasoro hiyo, kwa sababu kukata kina kifupi huokoa uzito, na uzito ndio unaolipwa. Ni uchumi mbaya, hasa kwa jiwe la bei ndogo ambalo thamani yake yote imo katika ukataji.

Katika Afrika Mashariki ustadi huo ulipata nguvu baada ya 1967, mwaka ambao tanzanaiti ilipatikana Merelani, na Arusha ikawa mji wa vito, wenye wanunuzi, wakataji na baadaye kituo cha serikali kinachofundisha jemolojia, yaani elimu ya vito, pamoja na ukataji. Upande wa Kongo, sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, huwatambua wachimbaji wadogo raia walio na kadi na maeneo yaliyotengwa kwa ajili yao, na kituo cha serikali kinachojulikana kama CEEC ndicho kinachotathmini na kuthibitisha madini ya thamani kabla hayajatoka nchini. Lakini macho ya wote, serikali kwa wachimbaji, yamekazwa kwenye dhahabu, na fuwele za mashariki mwa Kongo kwa kawaida huvuka mpaka zikiwa ghafi. Boga imebeba mzigo mzito zaidi ya huo. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021 watu zaidi ya 50 waliuawa Boga na Tchabi, maelfu wakakimbia, na njia za kwenda Mlima Hoyo, ambako wanaakiolojia walikuwa wakifanya kazi kwa utulivu miaka hamsini kabla, zikawa njia za hofu.

Hasara nyingine, isiyomwaga damu lakini isiyorekebishika, ni kupotea kwa asili ya jiwe. Huko Matupi kila kibanzi kilichotolewa kilihusishwa na tabaka lake, hivyo hata kipande kisicho na uzuri wowote kinaweza kueleza jambo baada ya nusu karne. Fuwele inayookotwa leo hupita mikononi mwa wanunuzi watatu au wanne, na inapomfikia mkataji hubaki na jina la nchi tu. Ngozi yake ya nje, iliyobeba alama za mwamba ilimokulia, husagwa katika dakika za kwanza juu ya sahani, na baada ya hapo hakuna chombo cha kawaida cha jemolojia kinachoweza kusema ilitoka kijito gani. Daftari la mnunuzi wa kwanza, likiandikwa jina la kijito, kina cha shimo na aina ya mwamba ulioizunguka fuwele, lingetosha kulizuia hilo, nalo ni la bei ndogo kuliko sahani moja ya unga wa almasi.